Njia ya baiskeli Dar ipo, isafishwe tu watu wapite

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana kuna jambo limenikaa tangu wageni wangu warudi Dar.

Walikuja watatu, tulisoma wote, wameshuka hapa stesheni ya Tabora wamechoka kweli, kesho yake wakaanza kuulizia bajaji ya kwenda Kwihara kuliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Nikawaambia subirini kwanza, nikazunguka kwa majirani hapa Isevya nikakusanya baiskeli, hizi hizi za kawaida zenye kariya nyuma, tukapitia kwa fundi kujaza upepo, tukaondoka. Mmoja hajapanda tangu darasa la saba, mwanzo usukani ulikuwa unamshinda, ila tulivyoingia kwenye kivuli cha miembe akawa yeye ndo anaongoza na kengele anapiga! Tumekwenda tumerudi huku tunapiga stori, na ndo akaniambia kitu kimeniuma sana, anakaa Manzese kazi Posta lakini watoto wake akirudi anawakuta wamelala, jioni yote imeishia kwenye foleni.

Jamani, Manzese mpaka Posta haifiki hata ile safari yetu ya Kwihara kwenda na kurudi.

Nikamuuliza, mbona barabara ya Morogoro walivyojenga mwendokasi waliweka na njia ya baiskeli pembeni? Akasema ipo, ila bodaboda wanapita humo humo, mbele watu wamepanga biashara, mbele tena gari limepaki, ukikwepa unaangukia barabarani kwenye malori. Sasa mtu mwenye watoto utamwambiaje apande baiskeli? Mimi naomba wahusika wa jiji waanze na hiyo iliyopo, waiachie wazi toka Kimara mpaka mjini, na mama lishe na wamachinga watafutiwe sehemu nzuri maana nao wanatafuta riziki. Na wenzetu Kigali tangu 2016 wana Jumapili zao, asubuhi barabara kadhaa zinafungwa magari watu wanatoka na baiskeli na watoto wao, na ule ni mji wa vilima vitupu, Dar sehemu kubwa ni tambarare. Jasho? Ofisi ziweke bafu.

Wageni wangu karibuni tena Tabora, baiskeli zipo. Huyo wa Manzese jana kanipigia, ameshaenda Kariakoo kuulizia bei.

Mwendesha baiskeli,
Isevya, Tabora