Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Nakuru: Beji Ninazofumua

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kaptembwo. Sare za shule ndizo zinazonilisha, kwa hiyo mwanafunzi akihama mimi hujua kabla ya majirani.

Januari mwaka huu mama mmoja aliniletea sweta ya kijana wake. Alitaka nifumue beji ya shule moja kubwa nishone ya shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Nilipoitoa, chini yake sweta ilikuwa bado buluu iliyokolea, kwingine kote imepauka kwa jua na sabuni ya miaka mitatu. Beji mpya ilikuwa ndogo, haikuifunika ile alama. Kijana alisimama mlangoni, haangalii mtu.

Mama akanieleza. Muhula wa tatu mwaka jana aliitwa shuleni, akaambiwa kwa upole kwamba mtoto atashusha wastani, afadhali asajiliwe KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, kwingine. Barua hakupewa. Karo ya miaka yote mitatu ilipokelewa, risiti anazo.

Shule yenyewe siitaji. Wala hiyo haikuwa sweta ya kwanza ya namna hiyo kuja kwangu.

Tunaambiwa shule zikishindana watoto watafaidi. Sikatai. Kuna shule ya msingi mtaani iliyoamka baada ya wazazi kuanza kuwapeleka watoto shule za binafsi. Siku hizi walimu wanafika kabla ya kengele. Ila wastani hupandishwa kwa njia mbili: kufundisha, au kuchagua wa kufundishwa. Hata mimi ningesifiwa sana kama ningewashonea wale tu ambao miili yao hainisumbui.

Binti yangu aliye chuoni alinisomea utafiti wa wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, uliochapishwa 2014. Waliwalinganisha wanafunzi waliopenya shule za kitaifa za Kenya, zile zinazochukua wenye alama za juu, kwa alama chache na wale waliozikosa kwa alama chache. KCSE ilipofika, hawakuona tofauti ya maana. Nilimwambia arudie kusoma, nikidhani nimesikia vibaya.

Na bado mwaka jana watoto wa Gredi ya 9 walichagua shule 12 za sekondari ya juu kila mmoja, na wazazi wengi niliozungumza nao hawakuwa na la kuwaongoza ila bango la matokeo langoni.

Ombi langu ni hili. Watahiniwa wa KCSE mwaka huu ni wa KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya 2022. Alama walizoingia nazo zipo, hesabu ya waliosajiliwa Kidato cha Kwanza ipo. Matokeo yakitoka, zitake shule ziyabandike pamoja na hayo: waliingia wangapi, na alama gani, wangapi kati yao walifika kwenye mtihani, wakapata nini. Na anayehamishwa akikaribia Kidato cha Nne, sababu iandikwe, mzazi aitie sahihi.

Kijana yule hupita hapa jioni akitoka shule. Ile alama bado inachungulia pembeni mwa beji. Juzi mama yake aliniuliza kama kuna rangi ya kuifunika. Nimemwambia sina.

Wako mtiifu,
Fundi wa sare, Kaptembwo