Gari linanisemesha Kijapani: barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka stendi ya Malindi. Mimi ni dereva wa matatu ya kwenda Mombasa. Gari ni la mtumba kutoka Japani, na ndani mna mwanamke asiye na mwili, sauti tu. Kila asubuhi nikiwasha injini huniambia neno. Nilikuja kujua kwamba anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Nikamzoea kama jogoo wa jirani.

Siku moja, tumeshapita Gede, ujumbe wa M-Pesa ukaingia. Nikainamisha macho nione kama ni nauli. Kengele ikalia, mwanamke akapaza sauti. Mama mmoja nyuma akauliza, "Mwanangu, huyo asemaje?" Nikamjibu, "Akusalimu, mama." Tukacheka sote. Jioni kijana wa gereji akaisikilizisha simu yake ile sauti, nayo ikatafsiri: tazama mbele.

Kumbe kuna kamera ndogo inayofuata uso na macho ya dereva, hata usiku. Ulaya, magari ya aina mpya yamelazimishwa kuwa na mtambo wa namna hiyo tangu Julai 2024: ukipita kilomita 50 kwa saa, macho yakikaa chini sekunde 3.5, unaonywa. Kwa kilomita 80, ambao ndio mwisho wetu sisi wa matatu, hapo gari limeshakwenda karibu mita 78. Nilipiga hesabu mara mbili.

Baadhi ya wenzangu wameibandika plasta kamera. Mmoja anaamini picha zake zinakwenda kwa trafiki. Kanuni ya Ulaya inakataza mtambo kurekodi mfululizo, lakini haya ya kwetu nani ametueleza? Mwingine amechoka tu: akitazama kioo cha pembeni asije akamgonga wa boda, yalia, akivaa miwani ya jua, yalia. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliacha kumsikiliza yule mwanamke kwa sababu ya dai lake la kadi kila asubuhi.

Ninaomba hivi: gari kama hili likisajiliwa, muuzaji ampe mnunuzi karatasi ya Kiswahili inayoeleza kila sauti na kila taa, kamera inahifadhi nini, na dai la kadi linanyamazishwaje. Shule za udereva nazo zifundishe. Na kabla hamjatutungia sheria ya mitambo hii, tuma mtu apande nasi mpaka Mombasa. Kiti cha mbele nitamwekea, nauli simdai.

Simu ya M-Pesa siku hizi anaishika makanga.

Wako,
Dereva, stendi ya Malindi