Barua kwa mwanangu: ile sekunde 0.44

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, bibi yako anakusalimu sana. Mama yako kanionesha picha ya karatasi yako ya jaribio, na maneno uliyomwandikia kwamba fizikia huiwezi, unataka kubadilisha mchepuo. Nimekaa na karatasi ile tangu baada ya Isha. Usibadilishe kitu bado. Nimeona ulipoteleza, na ni mahali pamoja tu.

Jiwe limerushwa kwa ulalo kutoka kimo cha mita 3.2, kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Litaanguka umbali gani? Wewe umeandika 3.2 = 5t + 5t², ukapata sekunde 0.44. Umelitatua vizuri, na mimi nimelirudia nikapata vilevile. Lakini ile 5 ya mwanzo si ya pale. Jiwe lilikuwa na kasi hiyo kwenda mbele. Kwenda chini, wakati linaachiwa, halikuwa na kasi yoyote. Umelisukuma chini jiwe ambalo mrushaji hakulisukuma.

Unawakumbuka vijana wanaochupa baharini pale Forodhani, ulivyokuwa huondoki mpaka wa mwisho achupe? Na mimi nilichupa ukuta ule utotoni. Tulikuwa tukibishana: anayekuja mbio akachupa, na anayejiachia tu ukingoni, nani ataanza kufika majini? Wengi tulimpa anayejiachia, maana mwenzake anakwenda mbali. Kumbe wakiondoka ukutani pamoja bila kuruka juu, wanafika pamoja. Mmoja mbali, mmoja karibu, lakini pamoja. Mbio hazimcheleweshi mtu kuanguka wala hazimharakishi.

Sasa tazama bahari inavyoingia katika hesabu. Tuseme maji yamejaa, kutoka ukutani hadi majini ni mita 1.8. Chukua g, yaani kiasi ambacho kasi ya kuanguka inazidi kila sekunde, kuwa 10 kama walimu wenu wanavyofanya; nusu yake ndiyo ile 5 ya t²: 1.8 = 5t², t ni sekunde 0.6. Kijana mwenye kasi ya mita 5 kwa sekunde anatua mita 3 mbele. Maji yakishuka hadi ikawa mita 3.2, t ni 0.8, naye anatua mita 4 mbele. Miguu ileile, mbio zilezile. Bahari ndiyo iliyomwongezea mita 1, kwa kumpa muda zaidi hewani. (Maji yakitoka zaidi ya hapo hatukuwa tukichupa, kina hakitoshi.) Na hiyo mita 4 ndiyo jibu la jiwe lako.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kikokotoo, piga mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika mambo ya ulalo, kulia mambo ya wima. Kasi ya kushoto isivuke kwenda kulia. Kinachoruhusiwa kuvuka mstari ni muda peke yake, kwa hiyo utafute kwanza. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alionesha kuwa njia ya kitu kilichorushwa ni parabola kwa kuitenganisha hivihivi: mwendo wa kwenda mbele usiobadilika, na mwendo wa kushuka unaozidi kasi.

Likija swali la mpira uliopigwa kwa pembe, igawe kasi kwanza. Mita 10 kwa sekunde kwa nyuzi 30 ni 5 kwenda juu na 8.66 kwenda mbele. Nusu sekunde kupanda, nusu kushuka, umbali mita 8.66. Basi. Ila ile fomula ya umbali mliyokaririshwa, yenye sin 2θ, sipendi uishike mno. Inafaa tu pale kitu kinapotua usawa uleule kilikotokea. Ukiipeleka ukutani Forodhani itakudanganya, hata ile nyuzi 45 ya kwenda mbali kabisa haisimami tena, kwa sababu maji yako chini ya miguu.

Swali la nne umeliacha wazi. Lifanye kwa mstari wa katikati, unitumie picha mimi mwenyewe, hata kama halijakamilika. Ukija likizo tutaangalia siku za bamvua, twende Forodhani alasiri, wewe na saa, mimi na kamba ya kupimia ukuta.

Baba yako