Kuna goti, na kuna gegedu

Ndugu Mhariri,

Kila msimu nakutana na sentensi ile ile kwenye kurasa zenu za michezo: fulani ameumia goti, atakuwa nje wiki sita. Kano ikichanika ni goti, meniskasi, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, ikipasuka ni goti, gegedu likimeguka nalo ni goti. Naomba nafasi niliongelee gegedu, kwa sababu ndilo linaloandikwa kwa wepesi kuliko yote, na ndilo linalowamaliza wachezaji taratibu.

Gegedu ni lile tabaka jeupe, laini na telezi linalofunika ncha za mifupa. Unene wake ni milimita chache tu. Nyuma ya pia ya goti ndipo lilipo nene kuliko sehemu nyingine yoyote mwilini. Halina mshipa wa damu wala wa fahamu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa goti, kila linapobanwa na kuachiwa kama sponji. Basi kwa kuwa halina damu, haliponi kama ngozi au mfupa unavyopona. Na kwa kuwa halina fahamu, linaweza kulika miezi mingi bila mwenyewe kujua, hadi mfupa wa chini uanze kupokea kishindo. Daktari William Hunter aliandika tangu mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halijirudishi. Tuna kamera za kuingia ndani ya goti siku hizi, lakini hilo la Hunter bado hatujalishinda.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kabla ya kipimo chochote nautumia mkono: napandisha kiganja upande wa ndani wa goti, kisha nakishusha upande wa nje. Kama kuna maji, kile kishimo cha ndani, pembeni mwa pia, kinajaa tena huku natazama. Kuna mchezaji nilimfanyia hivyo saa chache kabla ya mechi kubwa, na kishimo kikajaa papo hapo. Akaniambia haliumi, na alisema kweli, maana alikuwa ameshachomwa sindano. Lakini ngazi za kutoka vyumbani alizishuka kiubavu, mkono ukutani, na paja la mguu ule lilikuwa limenyauka kuliko la pili. Nilisema asicheze. Akacheza dakika zote 90. Kesho yake magazeti yakamwita shujaa, naye alikuwa amelala chali hawezi kukunja mguu.

Juu ya sindano, mwaka 2017 ulichapishwa utafiti Marekani kuhusu wagonjwa 140 wa kulika magoti. Waliochomwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya goti kila baada ya wiki 12, kwa miaka miwili, walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya hao wa maji ya chumvi. Hao hawakuwa wanasoka. Lakini goti la mwanasoka ndilo linalobeba kishindo kikubwa zaidi baada ya kuchomwa.

Matibabu yapo. Daktari Richard Steadman wa Marekani alianzisha njia ya kutoboa vitundu kwenye mfupa ili damu ipande na kuziba pengo. Kinachoota pale ni kama kovu, hakina uimara wa gegedu la asili. Wataalamu wa Sweden mwaka 1994 walitangaza njia ya kuzikuza chembe za gegedu la mgonjwa mwenyewe maabara na kuzirudisha gotini. Baada ya matibabu kama haya mchezaji huhesabu miezi, wakati mwingine mwaka mzima na zaidi. Hizo wiki sita zinatoka wapi?

Meniskasi nayo ina hadithi yake. Zamani ilikuwa ikipasuka inatolewa yote, kama kitu kisicho na kazi. Daktari Fairbank wa Uingereza alionyesha mwaka 1948 jinsi kiungo kinavyobadilika baada ya kuiondoa. Leo daktari anaweza kuishona, na hiyo ni miezi, au kuikata kipande, na mchezaji akarudi haraka. Timu ikiwa kwenye mbio za ubingwa, shinikizo linaelekea wapi sote tunajua, na kichwa cha habari kinachoshangilia "amerudi mapema" ni sehemu ya shinikizo hilo.

Mfikirieni Ledley King, aliyekuwa nahodha wa Tottenham. Goti lake lilikuwa limekwisha gegedu, likavimba kila baada ya mechi, mazoezi na wenzake akawa hafanyi. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na miaka 31. Na si yeye peke yake: utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2018, uliowalinganisha wanasoka wastaafu zaidi ya 1,200 na wanaume wengine zaidi ya 4,000, ulikuta ugonjwa wa kulika magoti kwa wanasoka ni mara mbili hadi tatu ya wale wengine.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu akiambiwa "goti", aulize ni kitu gani ndani ya goti, na kimefanyiwa nini. Asiandike idadi ya wiki ambayo daktari hakuitaja. Na mtafuteni mmoja wa wale mliowasifu kwa kucheza na maumivu, aliyestaafu sasa. Nendeni kwake asubuhi, kabla goti halijapata moto, mtazame anavyoshuka ngazi, kisha mtuandikie mlichokiona.

Msomaji wenu,
Mtaalamu wa fiziotherapia