Barua kwa Mwanangu Aliyerudi Leicester

Hamilton, Ontario, Kanada
Oktoba

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshapiga hodi na baba yako keshatoa lile koti lake lililochanika mfuko, anasema bado zima. Jumatatu iliyopita ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Nilipika kuku badala ya bata mzinga, maana mezani tulikuwa wawili tu, nikakumbuka kwamba huko Uingereza siku hiyo watu wamekwenda kazini kama kawaida na wewe uko darasani.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikasikia unyonge ndani yake, nikaona simu haitoshi, bora niandike.

Unasema mlinzi wa hosteli anakuuliza kila asubuhi "You all right?" nawe ukaenda kujitazama kwenye kioo, ukidhani uso umekuvimba. Siku ya tatu ukamweleza kwamba hukulala vizuri na tumbo linakusokota, akabaki amekutumbulia macho. Mwanangu, hiyo ni "hujambo". Litazame neno lenyewe: huna jambo? Na mtu mwenye homa ya kumlaza kitandani anajibu "sijambo". Bibi yako Tanga husema hajambo kwanza, ndipo ahesabu magoti, mgongo na bei ya mchele. Mlinzi wako hiyo hesabu haitaki. Mrudishie "all right" yake uende zako. Huku watu wanaulizana "how are you", wanajibizana "good", yanaisha, na hujawahi kudhani anayekuuliza ni daktari. Ni salamu ileile, ila ya huku umeizoea hadi huisikii.

Najua kinachokuuma zaidi. Ulizaliwa Leicester, ukaondoka una miaka sita ukiongea kama watoto wa mtaani kwetu, umerudi mtu mzima na wote wanakuita Mmarekani. Ukisema "hapana, Kanada" wanaitikia "aa", kama umewaambia ni kijiji cha jirani. Hilo huwezi kulitibu. Mimi walikuwa wakiniuliza natoka Nigeria.

Lakini nikuambie jambo ambalo huenda hujaliwaza. Sisi Waswahili Kiingereza tulikichukua kwa Waingereza. Tochi, petroli, lori, lifti, biskuti, buti ya gari: yote hayo ni maneno ya huko uliko. Nilipofika Leicester mara ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyekutana na wazazi wa maneno yake. Tulipohamia huku yakawa mayatima. Unakumbuka Desemba 2013, ile mvua ya barafu ilipoangusha miti na nyaya tukakaa gizani? Nilikwenda kwa jirani nikaomba "torch". Mzee wa watu akaniuliza kwa upole ninataka kuchoma nini. Kwake torch ni moto. Nilirudi nyumbani na mishumaa miwili na aibu yangu. Kwa hiyo wewe ukitafuta "washroom", yaani choo kwa Kiingereza cha huku, wakakuelekeza chumba cha mashine za kufulia, jua mama yako alikutangulia, ila yeye alikuwa anakuja upande wa pili wa barabara. Na la suruali ya rafiki yako uliyoisifia mbele za watu, hilo nimemsimulia baba yako nikamficha nusu. Kwao "pants" ni chupi. Sasa umejua.

Sauti yako ilitulia kidogo ulipofika kwenye "sorry". Ulisema Waingereza wanaisema hata bila kosa, na kwamba wewe Mkanada unaisema zaidi yao lakini inaonekana hamsemi kitu kimoja. Umesema kweli kabisa. Shida ni kwamba Kiingereza ni maskini hapo. Sisi tuna pole na tuna samahani, na hata mtoto wa miaka mitatu havichanganyi. Mtu akijikwaa mbele yako unampa pole, ingawa jiwe hukuliweka wewe. Ukimkanyaga, hapo ndipo samahani. Wao wana neno moja la kubebea vyote viwili, basi linavuja. Mkanada ukimkanyaga mguu anakuambia sorry yeye, aliyekanyagwa! Hiyo ni pole: pole kwako, pole kwangu, pole kwa mguu. Hapa Ontario mwaka 2009 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba mtu akisema sorry, mahakama isilihesabu neno hilo kuwa kukiri kosa. Waingereza nao wana kifungu cha namna hiyo katika sheria yao ya mwaka 2006. Yaani wanasheria walikaa vikao, wakaandika na kupiga mihuri, kusema kwamba pole si samahani. Bibi yako angewaambia bure.

Kwa Mwingereza tega sikio kwenye mkunjo wa sauti. Kuna sorry ya "naomba nipite". Kuna sorry ya "sijasikia, rudia". Na kuna moja inayopandishwa mwishoni, taratibu, nyusi nazo zikipanda, hiyo ni "umesema nini wewe?", na ukiisikia usiongeze neno. Nilipokuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, msimamizi wetu alikuwa na hiyo ya tatu. Ilichukua mwaka mzima nijue kwamba nilikuwa nikigombezwa.

Sasa insha yako. Ulinitumia picha kwa furaha, mwalimu kaandika chini "quite good". Mwanangu, kaa kitako. Huku ukiambiwa hivyo unapokea kwamba ni nzuri sana. Huko maana yake ni nzuri kiasi, si mbaya, ungeweza zaidi. Wakikupenda kwelikweli watakuambia "not bad at all", yaani watakanusha ubaya badala ya kukiri uzuri. Usilie. Nenda kwa mwalimu umuulize ni wapi pa kuongeza. Tahajia usiihangaikie: colour na centre ni zilezile ulizofundishwa hapa, na herufi ya mwisho huku na huko ni zed. Ila tairi huko wanaliandika kwa y.

Nimeandika hayo nikawa namcheka baba yako. Unajua yeye ni wa Nairobi na mimi ni wa Tanga. Kwetu mtu akiingia dukani anasema "naomba chumvi". Baba yako anasema "nipe chumvi". Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwona mkali, mtu wa kuamrisha, nikaanza kuhesabu siku. Kumbe naye alikuwa anamuuliza rafiki yake kwa nini ameoa mke anayeombaomba hata kijiko. Kiswahili kimoja hicho, nyumba moja, na chumvi yenyewe ni ile ile. Basi huyo mwenzako wa chumbani anayesema "kuna kaubaridi humu, sivyo?" halafu ananuna, anakuambia ufunge dirisha. Kwake keshaomba. Huku angekuambia "mind closing that?" akiwa anatabasamu, na usipofunga atafunga mwenyewe.

Halafu yule msichana aliyekuambia "you must come round sometime". Umekaa wiki mbili na simu mkononi. Unakumbuka tulipokwenda Tanga, watu wanakula barazani, tukipita wanaita "karibuni"? Uliponyanyua mguu kutaka kwenda nilikuvuta mkono. Jibu lake ni ahsante, au starehe, na unapita. Hawakuwa waongo. Ingekuwa tabia mbaya kula kimya mbele ya mpita njia, na ingekuwa tabia mbaya kwa mpita njia kujiketia. Lakini akiita mara ya pili, akasogea kwenye mkeka kukupa nafasi, hapo vua viatu. Kwa Waingereza mkeka ukisogezwa utauona: atataja siku na saa. Bila siku na saa, sema ahsante, pita.

Na wakikualika "tea" kwa watu wa pale, uliza. Mimi nilialikwa na mfanyakazi mwenzangu saa kumi na moja jioni. Nikasema ni chai na biskuti, basi nikala wali maharage nyumbani nikashiba vizuri nisije nikaonekana mroho. Kufika, sahani imejaa: samaki, viazi vya kuponda, njegere, na pudingi inasubiri pembeni. Tea yao ni chakula cha jioni. Alikuwa ametafuta samaki kwa makusudi kwa sababu sili nguruwe. Nilikula yote. Baba yako aliniona nikipanda ngazi ameshika mlango, hakuuliza.

Adabu ya Kiingereza ina upande mwingine pia, nisikufiche. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, halmashauri ya huo mji uliopo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus. Halikutukana mtu. Lilisema kwamba kwa faida yao wenyewe na ya familia zao wasije Leicester. Kwa faida yao! Ukisikia mtu huko anakuhurumia namna hiyo, shika mkoba wako vizuri. Wakaja hivyohivyo, kwa maelfu, na wengine kwa maelfu walichukuliwa na Kanada mwaka huohuo. Nenda Belgrave Road uagize mogo. Ni muhogo wetu, umekaangwa na kutiwa pilipili, na jina wamelifupisha tu. Mzee mmoja wa duka la vitambaa pale, mzaliwa wa Kampala, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuniita dada katika mji ule. Nilikuwa na siku tisa nchini.

Lakini usiwapime wote kwa tangazo hilo. Yule bibi wa nyumba ya jirani alikuwa hanisemeshi ila mvua na jua, miaka miwili. Ulipozaliwa nilifungua mlango nikakuta sweta dogo la manjano limetundikwa kwenye kitasa, kalifuma mwenyewe, na kengele hakuigusa. Huku Hamilton msimu wetu wa kwanza wa theluji tuliamka tukakuta mtu keshazoa njia yetu hadi barabarani, na jina letu alikuwa halijui. Alipotuona dirishani alipunga mkono akaingia ndani. Sweta ninalo bado, liko kwenye sanduku langu chini ya kanga.

Umeniambia dereva wa basi amekuita "me duck" ukashangaa kuitwa bata. Hiyo ndiyo Leicester! Wazee wangu wote pale kazini waliniita bata, wanaume kwa wanawake, na nilipohamia huku nililikosa hilo neno kuliko nilivyokosa chipsi zao. Watoto wa Dar wanasema kula bata, kumbe kuna mahali mtu anakuwa bata mwenyewe. Likikujia, lipokee. Na ukishuka mwambie dereva ahsante, hiyo ni ya huku na huko.

Mambo madogo. Darasa lililoandikwa ghorofa ya kwanza liko juu, panda ngazi, kama Tanga. Huku kwetu Hamilton ya kwanza ni ile ya chini, ndiyo maana ulichelewa. Mtu akikuambia ana uzito wa mawe 11 hajabeba kitu, jiwe moja ni ratili 14. Ile keki yangu ya nyuzi 350 za Fahrenheit, huko weka 180 za Selsiasi. Na kama oveni ni ya gesi yenye namba, weka 4. Maziwa ya mfuko huyapati, wao ni chupa au boksi, na nimeona umeyalilia. Baba yako hadi leo akikata ile ncha ya mfuko anamwaga mezani. Kahawa ukiagiza "double-double", yaani krimu mbili na sukari mbili, kama hapa, ambapo maduka ya kahawa ya Tim Hortons yalianzia mwaka 1964, watadhani unataka vikombe vinne. Chaja yako ya huku haitaingia kwenye plagi yao ya miguu mitatu minene, lakini ya bibi yako ingeingia, maana Tanga tunatumia ileile. Kanunue adapta, na ukumbuke kubonyeza swichi ya ukutani. Ulisema simu haikuchaji usiku kucha. Ni swichi.

Jingine ni saa. Huko wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi tunangoja hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wiki hiyo katikati tutapishana saa nne, siyo tano. Mimi nikipiga saa kumi na moja jioni nikitoka kazini, kwako itakuwa saa tatu usiku, siyo saa nne kama ulivyozoea. Usiwe bafuni.

Mama yako