Mbwana, nenda kwa Mama kabla ya Ijumaa

Richmond, Virginia
22 Februari 2020

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, baridi tu inatutafuna. Salamu nyingine zisubiri, kwanza nina shida.

Leo siku ya nne Mama hapokei simu yangu. Kidawa ameniambia kisa ni ile picha. Mwezi mzima imezunguka kwenye simu za watu, sasa imefika hadi kibarazani kwa Mama, na Barabara ya 12 nzima inasema nimejiunga na waasi wa Marekani. Salimu, ambaye tangu darasa la tatu unamjua kwa kutia chumvi, kaongeza kwamba nalipwa kwa idadi ya risasi. Ningekuwa nalipwa hivyo, Mbwana, deni lako la pikipiki ningeshalimaliza.

Kwa simu sitamweza, atakata. Barua hii nampa Asha, anaondoka Jumanne. Ukiipata, nenda kwa Mama, kaa mkekani, msomee. Ila kuna mahali pa kuruka, nitakuonesha.

Picha ni ya kweli. Yule mzee wa kizungu mwenye bunduki ndefu kifuani ni Earl, fundi wa mabomba na taa kwenye jengo ninalosafisha. Mwenye koti kubwa na stika ya rangi ya chungwa ni mimi. Stika imeandikwa kwamba bunduki zinaokoa maisha. Nilibandikwa, sikujibandika. Nikapiga picha kwa ujinga, nikaiweka mtandaoni nicheke na nyie. Nikaenda kulala.

Ilikuwa Jumatatu 20 Januari, siku ya mapumziko ya Martin Luther King, lakini sisi wa dekio tuliitwa kazini. Kila mwaka siku hiyo wananchi huenda Bungeni kuwaona wabunge wao uso kwa uso. Usifikirie Bunge la Washington. Hili ni la jimbo, liko hapa mjini, wajumbe 100 na maseneta 40, na mwaka huu linakaa siku 60 tu kisha kila mtu anarudi kwake, huyu kwenye ofisi yake ya uwakili, yule shambani. Seneta analipwa dola 18,000 kwa mwaka. Mimi na dekio langu nampita! Hilo usimwambie mtu wa Ngamiani anayetaka udiwani, yaani wewe, utavunjika moyo.

Kundi la Earl, la kutetea haki ya kumiliki bunduki, linaitwa Virginia Citizens Defense League. Rais wao ni Philip Van Cleave. Wana ugomvi hata na wenye bunduki wenzao wa NRA, ambao makao yao yako humu humu Virginia, mjini Fairfax, wanawaona walegevu. Earl anasema miaka mingine walikuwa wakija mia kadhaa, wanagawa stika, wanagonga milango ya ofisi, wanaondoka. Mwaka huu walikuja 22,000. Uchaguzi wa Novemba uliwapa Wademokrati mabaraza yote mawili, 55 kwa 45 kule chini na 21 kwa 19 kwenye Seneti, na gavana Northam ni wa kwao. Wakasema sasa tunabana bunduki: kila anayenunua achunguzwe kwanza, bastola moja kwa mwezi (sheria hiyo ilikuwepo tangu 1993, ikafutwa 2012), hakimu aweze kuagiza mtu hatari anyang'anywe silaha. Basi wilaya na miji zaidi ya 100 ikapiga kura kwenye halmashauri zao kujitangaza kimbilio la wenye bunduki, yaani sheria hizo hawatazitekeleza. Madiwani wenzio hao! Mwanasheria mkuu wa jimbo akawaambia maazimio yao hayana nguvu yoyote kisheria, nao wakaendelea kuyapitisha.

Ruka kuanzia hapa.

Gavana alitangaza hali ya hatari, akakataza silaha ndani ya uwanja wa Bunge. Siku chache kabla, FBI walikuwa wamewakamata vijana watatu wa genge la wafuasi wa Hitler, ikasemekana nao walitaka kuja. Watu 6,000 wakaingia uwanjani kupitia lango moja lenye mashine za ukaguzi, wengine 16,000 wakabaki mitaani, na hao ndio wenye bunduki, maana barabarani sheria inawaruhusu. Mimi nimeshuka kwenye basi mbali kwa sababu njia zimefungwa, nina ndoo mkononi, napita katikati ya watu waliovaa kama wanakwenda Kagera. Wallahi, walikuwa na adabu. "Samahani bwana, pita bwana." Mmoja akanifungulia mlango. Mtu mmoja tu alikamatwa, mwanamke, na kosa lake lilikuwa kufunika uso. Ile sheria ya kukataza vinyago iliwekwa zamani kwa ajili ya Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi waliokuwa wakificha nyuso, ikaja kumnasa yeye.

Lakini nikuambie kilichonikaza tumbo. Si bunduki. Ni askari aliyeniangalia mimi, mwenye ndoo, kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia Earl mwenye bunduki. Labda ndiyo maana stika sikuibandua pale pale. Niliiacha kama mtu anavyoacha kilemba kichwani akiingia mtaa asiouzoea. Sijamwambia Earl. Sijui ningeanzia wapi.

Na jingine. Mwaka jana, 31 Mei, kule Virginia Beach mfanyakazi wa halmashauri aliingia kwenye jengo la ofisi zao akaua watu 12. Jengo la ofisi, Mbwana, kama letu: vijia virefu, mashine ya kahawa, mabango ya usalama kazini. Tangu siku hiyo, kila ghorofa ninayopiga deki nahesabu milango. Ghorofa ya tatu kuna stoo ya madekio inayofungwa kwa ndani. Gavana akaita Bunge likae Julai kuzungumzia bunduki. Warepublikani walikuwa bado wana viti vingi, wakafunga kikao baada ya dakika 90. Earl anasema, ungekuwa na bastola usingehitaji stoo. Namwambia, ningekuwa na bastola polisi wakiingia wangeanza na mimi. Anacheka, halafu anaacha kucheka.

Mwisho wa kuruka. Anzia hapa kumsomea Mama.

Mama, sina bunduki. Sijawahi kuishika, hata ya Earl. Kila akitaka kunionesha namwambia mikono yangu ina dawa ya choo. Najua habari ya Mjomba Rajabu na vita vya 1979, na najua kwa nini nyumbani kwetu hata gobore la babu liliondolewa. Sijasahau. Yule mzee ni mtu mwema, ndiye aliyenipeleka hospitali nilipoteguka mguu, na mkewe anatutumia maboga.

Sasa wewe, Mbwana. Nataka nikueleze kilichotokea wiki hii, maana wewe ndiye unayetaka siasa, na mimi nimebaki nalo kichwani kama wimbo.

Kulikuwa na muswada mkubwa kuliko yote, wa mjumbe Mark Levine wa Alexandria: kukataza kuuza bunduki za mtindo wa kijeshi, na magazini inayozidi risasi 12 iwe kosa kuwa nayo. Baraza la chini liliupitisha 11 Februari, kura 51 kwa 48. Mimi nikajua basi, umepita, wenye viti vingi ni wao. Jumatatu iliyopita ukaingia kwenye kamati ya sheria ya Seneti, watu 15 tu mezani. Wademokrati wanne wakaungana na Warepublikani, kumi kwa watano, muswada ukapelekwa kwenye tume ya uhalifu ikauchunguze, urudi mwakani. Mmoja wa hao wanne ni Creigh Deeds, seneta wa milimani, ambako kila nyumba ina bunduki ya kuwindia paa.

Earl alikuwa humo ukumbini. Alichukua likizo ya siku moja, bila malipo, kwenda kukaa kwenye kiti asikilize. Kesho yake akaja na donati. Nikamwuliza: wale elfu 22 ndio walioshinda? Akasema hapana, wale walikuwa kelele. Kundi lake huandikia wanachama kila wiki: muswada fulani, kamati fulani, saa fulani, chumba fulani, mpigie fulani. Mtu anaamka anajua pa kwenda.

Nimekasirika na nimependa, vyote kwa pamoja. Kuna wanafunzi wa upande wa pili, wanaotaka bunduki zibanwe, walilala kwenye ofisi za wajumbe wawili usiku wa kuamkia ile Jumatatu ya Januari, ili wawemo ndani kabla barabara hazijajaa. Mjumbe mmoja ni Chris Hurst, ambaye mpenzi wake, mtangazaji, aliuawa kwa risasi akiwa hewani mwaka 2015. Nikafikiri, watoto hao ndio ningepaswa kuwapelekea chai. Badala yake nipo kwenye picha na stika. Sina hata kura hapa, kadi ya ukaazi haipigi kura. Lakini mlango wa seneta haukuulizi kadi, nimeshauliza. Unaingia, unasema jina na mtaa, karani anaandika. Nimekuwa nikipanga nitasema nini. Habari ya stoo ya ghorofa ya tatu, labda. Halafu nafikiria Earl akiniona kwenye kijia pale...

Haya. Hata gavana mwenyewe mwaka jana picha ya zamani ya kitabu cha chuo, ya mtu aliyejipaka weusi usoni, ilibaki kidogo imng'oe, akang'ang'ana. Mwambie Mama, kama Northam amesamehewa mimi ni nani?

Ulisema kura za maoni ni lini? Unagombea kweli au ni maneno ya gengeni? Umeshawahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri, hata kimoja, kabla ya kukitaka kiti? Vikao hivyo vina ratiba inayobandikwa mahali? Mzee Shekue anakuunga mkono au bado ana kinyongo cha lile bati? Na Salimu, amefuta ile picha au nimpigie mwenyewe? Kidawa anasema presha ya Mama imepanda. Imepanda kweli au anataka nitume hela ya dawa mara mbili? Mama akikuuliza kama nimekonda, utajibuje?

Nenda kabla ya Ijumaa, Mbwana. Akikubali tu kupokea simu yangu, hata kama ni kwa kunitukana, nibipu mara mbili nijue.

Wako,
Hamza