Kesho tunaosha matangi
Wakuu, salaam. Zamu ya Moshi kesho saa 1 asubuhi ni matangi ya kuchachushia. Uchachushaji huacha humo gesi ya kaboni dayoksaidi: ni nzito mara 1.5 kuliko hewa, hutuama chini, na pua haikuonyi. Mshumaa kuwaka si kipimo cha usalama! Washeni feni, kisha shusheni kipima gesi kwa kamba: juu, katikati, chini kabisa. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, au kaboni dayoksaidi ikizidi 0.5, hakuna kuingia. Mlinzi wa mlango wa tangi asibanduke hata kwa chai. Mwenzako akianguka, nakusihi usimfuate. Mvute kwa kamba ya mkanda wake. Waokoaji hufa hivyohivyo. Kostiki (soda kali ya kuoshea) isubiri gesi iishe: huifyonza gesi hiyo, tangi lililofungwa likabonyea. Wavaa mikanda nijulisheni leo.